Karatasi Iliyokuja na Sanduku la Kamaludin

Hospitali ya askari, ng'ambo
20 Januari 1945

Kwa dadangu Swabaha binti Sheikhan, Kibokoni, Mombasa.

Salamu nyingi zikufikie, wewe na mamangu Bi. Mwanakuu, na kila mtu wa mlango wetu. Mimi ni mzima, namshukuru Mola. Nauliza hali ya mwanangu Mwanabaraka: amekwisha kuingia chuo cha Kurani? Na ile pumu ya mama ilikwendaje na baridi ya kusi iliyopita?

Utaona mwandiko huu si wangu. Anayeniandikia ni Joab, mtumishi wa wodi, mtu wa Kisumu, na Kiswahili chake ni kizuri. Mimi nina jipu kidogo katika mkono wa kulia. Nililetwa hapa kwa homa, nikatolewa katika ile kampuni yangu ya malori, basi barua zenu zilizokwenda kule huenda zimepotea.

Lakini dada, miezi mitano bila hata salamu? Askari wenzangu wapata barua kutoka Voi, kutoka Kitui, hata kutoka Lamu. Mimi kila posta ikija nageukia ukutani. Mwambie mke wangu Khairiya simlaumu, najua hajui kuandika. Wewe wajua. Wewe ndiwe msomaji wa mtaa mzima.

Ni mimi nduguyo,
Kamaludin Sheikhan


Kibokoni, Mombasa
24 Machi 1945

Kwa uliyeniandikia.

Salamu ni haki ya kila mtu, basi nakusalimu. Habari za nyumbani sikupi mpaka nijue wewe ni nani.

Ndugu yangu Kamaludin amekufa. Karatasi ya jeshi ilitufika mwezi wa Oktoba, pamoja na sanduku lake la bati: nguo zake, wembe wake, na msahafu mdogo ambao hakuwa akiuacha hata akienda sokoni. Alisaliwa sala ya ghaibu Ijumaa ile ile. Hitma yake ilisomwa hapa nyumbani, watu wakajaa mpaka barazani. Mamangu hajatia chumvi katika chakula tangu siku hiyo, asema haisikii.

Barua yako ilifika juzi. Sijamwonyesha mtu. Nimeisoma mpaka karatasi imelegea. Mwandiko ni wa mgeni, nawe wasema mkono una jipu. Labda uliokota karatasi za marehemu ukajua majina yetu. Kama ndivyo, mche Mungu, mamangu ni mzee.

Na kama wewe ni Kamaludin, nijibu hili moja. Tulipokuwa watoto tulifukia kitu uani kwa Bi. Mwanakuu, mimi na ndugu yangu tu. Kilikuwa nini?

Swabaha binti Sheikhan


Hospitali ya askari
2 Mei 1945

Dadangu Swabaha,

Baada ya salamu, na salamu leo zanitoka kwa shida.

Joab alinisomea barua yako mpaka pale pa hitma, akaishusha karatasi. Nikamwambia aendelee. Akaniuliza kama nataka maji kwanza. Dada, mtu asomewe habari ya matanga yake naye amelala kitandani akingoja chai! Nilijishika mashavu kama mwendawazimu. Mgonjwa wa kitanda cha pili akadhani nimefiwa.

Umenitega, na bado wajua kutega. Hatukufukia kitu uani. Ilikuwa bakora ya mwalimu wa chuo, tuliitumbukiza kisimani, na aliyeitumbukiza ni mimi. Ukapigwa wewe. Hukunitaja, si kwa mwalimu wala kwa baba. Jambo hili Joab hakulijua mpaka sasa hivi anapoliandika, na anacheka.

Jina langu hapa chini nimelitia mwenyewe, kwa mkono wa kushoto. Utalijua.

Sasa nakuomba matatu. Mwambie mama, lakini mketishe kwanza. Nakili maneno ya hiyo karatasi ya jeshi, herufi kwa herufi, uniletee. Nataka kuona ni nani aliyeniua. Na la tatu, niletee neno kutoka kinywani mwa Khairiya. Katika barua yako yote umetaja sala, hitma, msahafu, chumvi ya mama. Khairiya hukumtaja.

Kamaludin


Kibokoni, Mombasa
9 Juni 1945

Ndugu yangu, mdogo wangu, uliye hai,

Nakusalimu kwa kila salamu niliyokunyima. Niliona lile jina lililopinda, nikajua. Bakora nayo ni kweli, na mgongo wangu wakumbuka.

Mama nilimketisha kama ulivyosema. Aliniuliza, "Hai mwenyewe, au mumemwota?" Nikamwambia hai mwenyewe, yuko hospitali. Akafungua leso yake akaifunga upya, akaenda jikoni akachukua ungo akaanza kupepeta mchele, mchele wenyewe ulikuwa umekwisha kupepetwa. Nilimwacha. Jioni alikula, akasema mchuzi una chumvi nyingi.

Mwanabaraka yuko chuoni, amefika Juzuu Amma. Ameng'oka meno mawili ya mbele. Majirani wamekuja wote, wengine wanaona haya kama kwamba walikukosea kwa kukulilia. Yule aliyepewa kanzu yako ya harusi ameirudisha, imefuliwa.

Karatasi yako ni hii, nimenakili kama ilivyo:

Effects of Driver Kamaludin Sheikhan, late of this Company, forwarded herewith.

Ni hayo tu, na sahihi isiyosomeka. Ilisomwa na mtu mmoja wa hapa Mji wa Kale anayejua Kiingereza.

Khairiya hajambo. Yuko kwa babake, mtaa wa Kuze.

Dadako Swabaha


Hospitali ya askari
14 Julai 1945

Dada Swabaha,

Salamu kwako na kwa mama, na mwambie asipepete mchele usiku akaharibu macho. Ninaendelea vizuri.

Maneno ya karatasi tumeyasoma mimi na Joab, kisha Joab akampelekea karani wetu wa wodi ili asikosee. Sikiliza. Karatasi hiyo yasema: vitu vya dereva Kamaludin Sheikhan, aliyekuwa zamani wa kampuni hii, vinaletwa pamoja na barua hii. Basi. Nilihamishwa, na vitu vyangu vikapelekwa nyumbani. Hapana kifo humo.

Neno lililoniua lina herufi nne, late. Joab asema ni neno la watoto wa darasa la kwanza, nao Waingereza wamelitwika mizigo kama punda wa chokaa. Mtu akija kazini saa imepita, ni late. Usiku ukiwa mwingi, ni late. Ukilitia mbele ya jina la mtu, huyo ni marehemu. Ukilitia baada ya jina, na mahali alipokuwa, basi amehama tu, yuko kwingine anakula na kulala. Na habari iliyo mpya kabisa, iliyofika sasa hivi, nayo huitwa kwa neno hilo hilo likiongezwa mkia, latest. Nilimwuliza Joab, neno moja litakuwaje la aliyechelewa na la aliyekuja sasa hivi? Akasema yeye hakulitunga.

Sasa nataka jina la huyo msomaji wa Mji wa Kale. Sitaki kumpiga. Nataka aje mbele ya mama aseme, mimi nililiona neno nisilolijua vizuri nikajifanya nalijua. Mbona hukumtaja? Si wakati wa bakora huu, dada.

Na Khairiya yuko kwa babake kwa nini? Nilimwacha katika nyumba yangu. Nilikuomba neno kutoka kinywani mwake, ukaniletea "hajambo". Hajambo ni neno la wapita njia.

Kamaludin


Kibokoni, Mombasa
18 Agosti 1945

Kwa ndugu yangu Kamaludin,

Nakusalimu. Mama mzima, mwanao mzima. Juzi vita vilipotangazwa kwisha, meli zote za Kilindini zilipiga honi pamoja, na Mwanabaraka aliniuliza kama sasa baba atakuja. Nilimwambia ndiyo. Kisha nikafunga mlango ili nikuandikie haya.

Msomaji ni mimi.

Wajua Kiingereza changu nilikipata kwa yule bibi wa Kigoa wa Ganjoni niliyekuwa nikimshonea. Watu walipoanza kuniletea karatasi zao, za posho, za kodi, hata maandishi ya makopo ya maziwa, nilijiona mwanachuoni. Siku sanduku lako lilipofika nyumba ilijaa watu, wote wananitazama mimi. Neno hilo nililijua kuwa ni kuchelewa. Nililijua pia kuwa ni marehemu, kwa kuwa bibi wa Kigoa alikuwa akilisoma gazetini kila wafapo watu. Nikasita. Mama akaniambia nimpelekee Kioko, yule karani Mkamba anayefanya kazi bandarini, hakosi kujua. Nami nikasema mbele za watu, "Mimi si mjinga, mama." Nikautazama msahafu wako ndani ya sanduku. Nikasema amekufa.

Karatasi niliipeleka kwa Kioko mwezi wa Juni, ilipofika barua yako ya pili. Aliisoma mara moja, akaigeuza nyuma kuona kama kuna jingine, akaniuliza, "Ni nani aliyewaambia huyu mtu amekufa?" Nilitoka nikatembea mpaka Ndia Kuu bila kujua nimefikaje, buibui limenivuka kichwani, na watu wananiamkia.

Hayo ni nusu. Soma polepole yanayofuata, na Joab awe karibu.

Khairiya alikaa eda yako miezi minne na siku kumi, hakutoka, hakujipaka hata mafuta. Alipomaliza alitaka kuketi mwaka mzima na mtoto wake. Mimi na mama ndio tuliomsukuma. Nilimwambia kwa mdomo wangu huu kuwa marehemu asingependa kumwona mpweke. Mwisho wa Februari aliolewa na Abdulghafur, mshona kanzu, yule aliyefiwa na mkewe mwaka wa njaa.

Barua yako ya kwanza ilifika wiki tatu baada ya ndoa. Niliificha chini ya godoro, nikajiambia ni ya mwongo. Mpaka ya pili ilipofika siku sabini na zaidi zilikuwa zimepita, nami siku zote hizo nalalia barua yako, na Khairiya yuko katika nyumba ya mume mwingine, nawe u hai. Hilo halina Kiingereza ndani yake. Hilo ni langu.

Nilipomwambia Abdulghafur alikuwa akipima kitambaa. Alisimama mara ile ile. Hakuingia chumbani kwa mkewe hata kuchukua viatu vyake. Alimwita kwa nje, akampeleka kwa babake, akenda kwa Kadhi mwenyewe bila kuitwa. Kadhi alisema ndoa yake imebatilika, kwa kuwa mumewe yuko hai. Khairiya akae eda ya kumtoka Abdulghafur, kisha ni mke wako kama alivyokuwa, ila ukitaka kumwacha wewe. Eda hiyo yaendelea, na mimba hakuna.

Ulitaka neno kutoka kinywani mwake. Tangu siku ile hanisemeshi. Ana haki.

Swabaha


Hospitali ya askari
22 Septemba 1945

Swabaha,

Salamu kwa mama.

Barua yako nimekaa nayo siku kumi na mbili. Joab aliniuliza mara tatu kama tuandike, nikamwambia karatasi imekwisha. Leo naandika mwenyewe. Mkono wa kulia umeanza kukamata kalamu, ndiyo maana mistari hii yapanda na kushuka.

Nilitaka kukuandikia matusi. Nilikuwa nayo mengi. Kisha nikakumbuka kuwa nami nina langu.

Sikuletwa hapa kwa homa. Lori langu lilipinduka kwenye matope ya milimani mwezi wa Agosti mwaka jana. Mkono ulivunjika mahali pawili. Mguu wa kushoto ulikatwa juu ya goti. Joab alikuwa tayari kuniandikia tangu Septemba, na kila siku nilimwambia kesho. Sikutaka mjue. Nilingoja mpaka nipate kusema uongo bila sauti kutetemeka, ndipo nikawaandikia habari ya jipu. Ningaliandika Septemba, karatasi yenu ya Oktoba isingaliua mtu. Basi tumeniua wawili.

Sasa sikiliza neno langu la mwisho katika jambo hili. Abdulghafur ni mtu mwema, na ana miguu yote. Mimi hata kopo la maji sijui nitalibebaje. Ndani ya bahasha hii kuna barua nyingine iliyofungwa, ni ya Khairiya. Ni talaka yake, moja. Nimeandika kuwa itapita siku barua hiyo itakapofika mkononi mwake. Mpe. Usimwambie habari ya mguu. Asije akanirudia kwa kunionea huruma, hilo sitaliweza.

Kamaludin


Kibokoni, Mombasa
27 Oktoba 1945

Ndugu yangu Kamaludin,

Baada ya salamu za mama, ambaye hajui bado habari ya mguu, na salamu za mwanao, ambaye meno yake yameota.

Bahasha ilifika Jumatatu. Nilisoma yangu, ile ya Khairiya nikaiweka mezani nikaketi kitako kuitazama. Mguu wako niliulia kwanza, nililia mpaka jirani akabisha hodi. Kisha nikaona jambo: hii ni mara ya pili karatasi inaingia nyumba hii yenye kumtoa Khairiya kwa mumewe, na mara ya pili iko mikononi mwangu. Tofauti ni kuwa safari hii kila neno nalielewa.

Sikutegemea akili yangu. Nilikwenda kwa Kadhi nikamweleza. Akauliza maneno yako sawasawa, nikamsomea. Akasema kama umeifunga talaka na kufika kwa barua mkononi mwake, basi haijapita mpaka ifike, na mpaka hapo yeye ni mkeo. Nikamwuliza kama ni dhambi kumweleza mwanamke kilichomo kabla ya kumpa. Akasema dhambi ni kumficha mtu jambo lake.

Nikaenda Kuze. Babake alinipokea, akaniacha uani. Khairiya alikuwa akimenya muhogo, na hakuinua uso. Nilimwambia yote, Kamaludin. Mguu pia. Ulinikataza, nami nimekuvunjia amri, kwa kuwa kila nililomficha yule mwanamke limemwangukia kichwani. Nikamwambia, barua ya mumeo ni hii, ikifika mkononi mwako umeachika, ukiipokea hakuna wa kukulaumu, na Abdulghafur hajaoa. Nikainyosha.

Aliitazama. Kisha akaweka kisu chini, akaingiza mikono yote miwili ndani ya leso, akaifunga.

Ndipo aliponisemesha, mara ya kwanza tangu Juni. Alisema, "Mliniambia amekufa, nikamlilia. Mkaniambia niolewe, nikaolewa. Mkaniambia yu hai, nikarudi kwa baba. Hakuna hata siku moja mtu aliyeniuliza mimi. Leo umeniuliza."

Nikaishusha ile barua.

"Mwambie mikono yangu ina kazi. Na Abdulghafur mwambieni nimemshukuru, alinitunza, sina neno baya juu yake. Lakini mimi simhurumii Kamaludin. Nimemkasirikia. Aje hapa nimkasirikie akiwa mbele yangu."

Nayarudisha maneno yake kama yalivyotoka, sikupunguza wala sikutia kitu. Na barua yako nairudisha, haijafunguliwa.

Karatasi za majirani sisomi tena. Nawapeleka kwa Kioko.

Dadako Swabaha


Hospitali ya askari
8 Desemba 1945

Dadangu Swabaha,

Nawasalimu nyote, na safari hii salamu za kweli.

Joab alinikuta nimekaa kitandani na zile barua mbili mapajani, akadhani nimepata msiba mwingine. Nilimsomea maneno ya Khairiya. Akasema mkewe Rispah naye husema hivyo hivyo. Ile barua iliyofungwa tuliitia motoni pamoja na bendeji za wodi.

Mama mwambie wewe habari ya mguu, lakini Khairiya awepo.

Wewe sijakusamehe bado. Nimejaribu, hakuji. Mimi mwenyewe pia sijajisamehe, basi tungoje wote wawili. Lakini wenye karatasi wasiokuwa na mtu usiwafukuze. Wasomee, na pale usipojua uwaambie hujui.

Jina langu limetiwa katika orodha ya meli ya Januari. Wamenifunza kutembea kwa magongo mpaka mlangoni na kurudi, ila kupanda ngazi siwezi. Mwende na Khairiya mzungumze na mwenye nyumba yetu. Ile orofa ya juu tumrudishie, atupe chumba cha chini, hata kama ni kile chenye giza kinachotazama njia. Khairiya akikiona hakifai, achague yeye kingine.

Kamaludin